Kabichi ya Lushoto haifungi Ngamiani

Ndugu msomaji, acha kuilaumu ardhi ya Ngamiani. Unanunua mbegu za kabichi na karoti kwa sababu umeziona nzuri zikishushwa sokoni, kumbe zimetoka Lushoto, mita kama 1,400 juu, kwenye baridi. Wewe uko usawa wa bahari. Kabichi yako itatanua majani tu, haitafunga. Na wewe muuza pembejeo, unayemuuzia mtu pakiti hiyo bila kumuuliza analima wapi, unakula hela yake bure.

Panda mchicha, bamia, kunde, tembele. Mchicha unavunwa wiki ya 3 au ya 4, hata kwenye kiroba uani. Samadi iwe imeoza; mbichi inaunguza miche. Maji ya kisima yaonje kwanza: yakiwa na chumvi, usimwagilie.

Linaloniudhi zaidi ni sumu. Unapulizia leo jioni, kesho asubuhi unawauzia majirani mafungu! Kwenye kibandiko cha chupa zimeandikwa siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Zihesabu. Maandishi ni madogo? Mpe mtoto wa shule akusomee, kabla hujachuma.