Likizo ya Ureno, na Maiti Walio Chini ya Magari



Najua nimenyamaza muda mrefu, mnisamehe. Zamu za usiku zilinibana, na hapa Schaerbeek baridi ikishaingia haijui kuaga. Basi nikasema liwalo na liwe, nikakata tiketi ya ndege ya bei nafuu hadi Faro, kusini mwa Ureno, kisha nikapanda treni hadi Lagos. La, si Lagos ya Nigeria! Huu ni mji mdogo wa kale wa pwani.

Mamangu alicheka kwenye simu: "Mtoto wa Mombasa walipa pesa kwenda kuona bahari?" Ndiyo mama, nimelipa. Ukikaa miaka mitatu bila kunusa maji ya chumvi, utalipa tu.

Na pazuri, jamani! Pwani ya Dona Ana ina majabali ya rangi ya dhahabu yaliyosimama majini kama nguzo. Ila maji ni baridi kama ya friji... nilitia miguu nikarudi mbio. Bahari ni Nyali, tusidanganyane.

Siku ya tatu nikaenda mjini. Kuna uwanja wenye sanamu ya mwanamfalme wao, Henrique, yule aliyetuma majahazi kushuka pwani ya Afrika. Hatua chache kutoka hapo pana jengo la matao linaloitwa Soko la Watumwa, ambalo sasa ni makumbusho. Tarehe 8 Agosti 1444, katika mji huo, walishushwa mateka 235 kutoka pwani ya Mauritania ya leo. Waligawanywa hadharani, mzazi huku na mtoto kule, na Henrique akachukua fungu lake, moja kwa tano.

Hayo niliyavumilia. Lililoninyima usingizi ni jingine. Mwaka 2009, walipochimba nje ya ukuta wa mji ili kujenga maegesho ya magari chini ya ardhi, walikuta mifupa ya Waafrika zaidi ya 150, wanaume, wanawake na watoto, wa kati ya karne ya 15 na ya 17. Hayakuwa makaburi. Lilikuwa jaa la taka la mji. Wengine walionekana walitupwa wamefungwa. Mifupa ikatolewa ikachunguzwe, maegesho yakajengwa, na juu yake pakawekwa bustani ya kuchezea gofu ndogo. Mimi mwenyewe nilikuwa nikipita upande ule na taulo langu begani, sina habari.

Mnajua kazi yangu. Mgonjwa akifariki wodini, hata kama hana ndugu hata mmoja, tunamwosha, tunamfumba macho, tunamchana nywele. Kuna wauguzi wakongwe hapa ambao hufungua dirisha kidogo kwanza. Hakuna anayetukagua saa tisa za usiku. Tunafanya kwa sababu aliyelala pale ni mtu. Basi nikaona wale watu na majani ya kabichi na mifupa ya samaki... nikashindwa kula.

Niliporudi kazini, mwenzangu mmoja Mbelgiji aliniambia, "Wewe nawe, umekwenda kupumzika ukatafuta maiti!" Mama naye akasema hivyo hivyo. Nimelifikiria, na nawajibu wote wawili: sikuwatafuta. Mji wenyewe ndio unaotuita kwa uzee wake. Unatuuzia kuta za kale, ngome na makanisa ya dhahabu. Kama tunanunua ukale wa mji, tununue wote, na sehemu ile isiyopendeza kwenye picha. Nawasifu kwa kulifanya soko kuwa makumbusho. Lakini walipotupwa watu ndipo pangestahili kimya, si mpira wa gofu. Gari lina mahali pengi pa kulala.

Sasa kabla hamjawalaani Wareno, ngojeni kidogo. Ndiyo, walitujengea Fort Jesus kuanzia 1593, na hatukupenda. Lakini biashara ya watu katika mwambao wetu hawakuifanya peke yao. Walioifanya ni pamoja na Waarabu na wazee wetu wenyewe. Mkipanda matatu kwenda Nyali au Bamburi kuogelea, mnapita Kengeleni. Kondakta anaita "Kengeleni! Kengeleni!" nasi tunauliza nauli tu. Ni nani aliyemweleza mtoto wake kengele hiyo ni ya nini? Ni kengele ya Frere Town, kijiji walichowekwa watumwa waliookolewa majini, miaka ya 1870. Iligongwa kuwaonya watu kwamba wanaowinda watumwa wanakuja. Nimepita pale utoto wangu wote nikiwaza mabuyu na viazi karai.

Kwa hiyo siwezi kumcheka yule anayecheza gofu Lagos. Mimi pia nilikwenda baharini juu ya habari za watu bila kuuliza.

Desemba nikijaaliwa kuja, nitawachukua wapwa zangu wote. Tutashuka Kengeleni, tutasimama dakika tano, nitawasimulia. Kisha tutakwenda kuogelea, maana bahari haina kosa. Na ninyi mlio huko msiningoje mimi. Jumapili hii mkipita, shukeni.

Nawapenda. Mama, dawa ya presha usiruke!