Kibati Hicho Huenda Si cha Ugoro

Wakulima wa Kitui na Makueni wanapochimba matuta ya fanya juu, jembe huweza kugonga kibati chenye kutu, kina matundu ya kupitishia kamba. Wengi hukidhania kopo la ugoro la babu, wakamuuzia mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Ngojeni kwanza! Huenda ni kipande.

Sheria ya kuandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimika kuwa na cheti chenye alama za vidole vyake, mwajiri wake na mshahara wake. Cheti kilitiwa ndani ya kibati, kikaning'inizwa shingoni kama njuga ya mbuzi. Aliyetoroka kazini alisakwa kwa hicho. Harry Thuku alikipinga. Mwaka 1947 kikaondolewa, ingawa jina limebaki, maana hata leo kitambulisho twakiita kipande.

Karatasi ya ndani huwa imeoza. Kwa hiyo nasema kisiuzwe: waulizwe wazee wa ukoo ni nani aliyeishi pale, kisha Makumbusho ya Taifa yajulishwe. Aliyevishwa kibati hicho alikuwa na jina, na pengine wajukuu zake ndio wanaolishika jembe.