Roboti ni ya mtoto, bisibisi pia

Leo naweka kando habari za programu na seva, nataka kusema na wazazi wenzangu. Hoja yangu ni fupi: kichezeo cha kufundishia kikiundwa na mzazi, anayefundishwa ni mzazi.

Hata huku kwetu Kangari, katikati ya mashamba ya majani chai, roboti za watoto zinafika siku hizi kwa matatu kama kifurushi kingine chochote. Unafungua sanduku: magurudumu mawili, mota mbili, bodi ndogo ya elektroniki, nyaya, skrubu za kupotelea sakafuni, na karatasi ya maelekezo ya kusomwa kwa miwani. Baba anashika bisibisi, mtoto anaambiwa "usiguse". Saa nne usiku roboti inatembea, baba anapiga picha, mtoto kashalala.

Si jambo geni. Mtaala wa umilisi ulipoanza kuchukua nafasi ya 8-4-4 mwaka 2019, wazazi walilalamika sana kuhusu kazi za mikono zinazoletwa nyumbani. Si siri kwamba nyingi zilimalizwa na mama au baba.

Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeshiriki kuunda lugha ya Logo mwaka 1967, alieleza katika kitabu chake Mindstorms cha 1980 kwamba mtoto hujifunza kwa kutafuta kosa katika kitu anachokiunda na kulirekebisha. LEGO waliziita roboti zao za 1998 kwa jina la kitabu hicho. Sisi waandishi wa programu tunalipwa kwa kazi hiyohiyo, kusaka makosa. Mbona tumnyime mtoto?

Nyumbani kwangu tumegawana. Skrubu ngumu na betri ni zangu, mengine ni ya binti yangu wa miaka saba. Juzi aligeuza nyaya za mota moja, roboti ikawa inazunguka papo hapo kama kuku aliyefungwa mguu. Niliona sababu, nikanyamaza.

"Baba, mbona haiendi?"

"Gurudumu gani linarudi nyuma?"

Akaiinua, akatazama moja, akatazama la pili, akabadilisha nyaya. Ilichukua karibu nusu saa. Mimi ningemaliza kwa sekunde kumi, naye asingejua lolote.

Utaniambia kitu ni cha pesa, kitaharibika. Mota ndogo kama hii ikiunganishwa kinyume haiungui, inazunguka upande wa pili tu. Kinachoweza kuunguza bodi ni betri iliyogeuzwa, ndiyo maana nimeishika mimi.

Na kama huna pesa za sanduku, usisikitike. Tulikua tukiunda magari ya waya, magurudumu ya ndala kuukuu. Usukani ukikataa kugeuza, tulipinda waya upya, na hakuna mzazi aliyetuundia.

Kwa hiyo mzazi, wewe shika tochi. Bisibisi mpe mwenyewe.