Lenzi ya sifa ya nini?

Jamani wadau, tusidanganyane. Mtu kapata kamera ya kukunja ya filamu za inchi 4 kwa 5, anakimbilia lenzi ya mm 300 ati ndiyo ya wakubwa! Lenzi ya kawaida ya mm 300, hata kwa kitu cha mbali, inataka mfuko wa mikunjo uvutwe karibu sm 30. Ukitaka kupiga ua kwa karibu, mfuko umeisha. Anza na mm 150, maana mshazari wa filamu hiyo ni kama mm 153. Ila ulizia duara lake: lisipozidi filamu, ukipandisha lenzi kunasa ghorofa lote, kona zinakuwa nyeusi. Hela inayobaki nunua filamu. Sifa hazipigi picha. Nawakilisha.