Msongamano wa Mahabusu ni Suala la Afya

Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Tanzania inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji mpaka itakapothibitika kuwa anayo hatia. Hata hivyo, mkulima wa Namtumbo anayeshtakiwa kwa kosa lenye dhamana anaweza kubaki mahabusu kwa sababu tu ndugu zake, walio vijiji vya mbali, hawajafika na barua ya mtendaji wa kijiji. Ucheleweshaji huo hauwahusu wanasheria peke yao. Kifua kikuu huenezwa kwa hewa, na chumba kilichojaa watu, chenye madirisha machache, hurahisisha maambukizi. Mahabusu akiachiwa, anaweza kurudi kwa familia yake akiwa na ugonjwa ambao hakwenda nao.

Nyenzo za kisheria zipo. Sheria ya Bodi za Parole ilitungwa mwaka 1994. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 humwezesha hakimu, kwa makosa yenye kifungo kisichozidi miaka 3, kumpa mkosaji kazi ya manufaa kwa umma badala ya kumpeleka gerezani. Januari 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua tume ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, nchini Malawi, wasaidizi wa kisheria huingia magerezani, na mahakimu huwafuata mahabusu huko huko kupitia orodha zao na kuwaachia wanaostahili dhamana. Hakuna taasisi moja inayoweza kufanya hayo peke yake.

Sekta ya afya nayo ina sehemu yake. Kesi ya shambulio huweza kukwama kwa sababu fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, haijajazwa ipasavyo, au daktari aliyeitwa kutoa ushahidi hakufika. Kila ahirisho ni siku za ziada rumande kwa mshtakiwa, na ni siku za ziada za kungoja haki kwa majeruhi.

Wapo wanaohofu kwamba kupunguza mahabusu ni kuwaacha huru wahalifu. Hofu hiyo haipuuzwi: mwanamke aliyepigwa anastahili ulinzi. Lakini anayemlinda si mwizi wa kuku aliyekosa mdhamini. Kinachomlinda ni ushahidi wa kitabibu uliokamilika mapema, na mahakama yenye nafasi ya kusikiliza shauri lake.

Kwa hiyo, vikao vya kusukuma mashauri, vinavyokutanisha polisi, waendesha mashtaka, mahakama na magereza, vimkaribishe pia mganga mkuu wa wilaya. PF3 zijazwe siku ile ile majeruhi anapohudumiwa. Kila mahabusu achunguzwe kifua kikuu anapoingia, na anayeachiwa akiwa kwenye dawa apewe barua ya kuendelea na matibabu katika kituo kilicho karibu na kwao. Mgonjwa na familia yake nao wana haki ya kuidai barua hiyo.