Milioni 4 za Kinshasa, chumba kimoja cha Kikula

Jirani yangu mmoja wa hapa Kikula alihama tena. Mara ya tatu mu miaka miwili. Godoro, sufuria na kimeza cha watoto juu ya pusu-pusu, yeye nyuma na mtoto mgongoni, mvua inatishia. Mwenye nyumba alipandisha bei, kiisha akaomba garanti mpya. Nikamuuliza: «Mama, unaenda wapi?» Akajibu: «Komisioneri njo atanionyesha.»

Komisioneri njo anajua. Komini haijui, meri haijui, provensi haijui. Mu mji wetu, mtu mwenye kujua wapi kuko chumba na bei yake ni yule kijana mwenye telefone chini ya mti, na unamlipa hata mbele ya kuona mlango.

Serikali nayo iko na hesabu yake. Tunasikia ku redio kwamba inchi inakosa nyumba kama milioni 4. Sikatai. Lakini ilihesabiwa namna gani? Mara ya mwisho watu wa inchi hii walihesabiwa ni Julai 1984, tukingali Zaïre, tulikuwa kama milioni 30. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni lokateri mwenye watoto wakubwa. Toka pale ni makadirio juu ya makadirio. Ile milioni 4 haisemi kama Panda inakosa vyumba mia ao elfu kumi. Haisemi bei. Haisemi kama mwalimu anaweza kulipa.

Wazee wetu walihesabiwa, wao. Tangu 1928 Union Minière ilipoanza kutoa kontra za miaka 3 na kutaka mfanyakazi akae na bibi yake, ilijua kila nyumba ya kambi: nani ndani, watoto wangapi. Haikuwa mapendo, ilikuwa namna ya kuchunga watu. Gécamines ikaendelea vile. Kiisha kazi ikaanguka, nyumba nyingi za kambi zikauzwa, na mu 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wakaondoka na ile tuliyoita «départ volontaire». Leo ingia mu kambi ya zamani, Panda ao Shituru: jiko limekuwa chumba cha kupangisha, nyuma wameongeza matafari na mabati, choo ni kimoja. Mu ripoti ya Kinshasa ile ni nyumba moja. Ndani mnalala jamaa ine.

Wengine wataniambia kwamba kuhesabu nyumba Likasi ni kuamsha maneno. Najua. Mu 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasaï walifukuzwa, wakalala ku gare miezi na miezi, na nyumba zingine zikabaki mikononi mwa watu wengine. Ile ni kazi ya tribinali, na bado inangoja. Mimi ninaomba kitu kidogo zaidi: bei.

Juu ya nini bei? Sheria ya 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa haipashwi kupita miezi 3. Ulizeni lokateri yeyote wa Kikula alilipa ngapi. Wengi watawaambia 6. Nani atamwazibu mwenye nyumba kama hakuna mahali palipoandikwa alichoomba? Na sharti ya inchi, artikle 48, inatuahidi nyumba ya heshima. Ahadi bila daftari, utaidai wapi?

Daftari lenyewe haliombi mashini ya ajabu. Shefu wa avenyu anajua nani ameingia na nani ametoka. Aandike tu vyumba vinavyopangishwa, bei, garanti, kama maji ya REGIDESO yanafika. Burgumestri abandike ile karatasi ku mlango wa komini kila miezi 3, kwa Kifaransa na Kiswahili, bila majina ya watu. Kinshasa wakitaka kujumlisha, wajumlishe kutoka hapo. Wenye nyumba watalalamika, wakiogopa kodi. Kweli, kodi inaweza kufuata, na inapashwa kuzungumzwa nao wazi mbele ya kuanza, si kuwashitukiza.

Jirani yangu alipata chumba karibu na soko. Miezi 6 ya garanti, na ya komisioneri mbali. Ku komini hakuna aliyeandika kitu.