Mbolea ya Miwa Isiingie Katika Tangi la Samaki

Hapa Mayoni pana miwa kulia na miwa kushoto. Huku kwetu mtoto huijua mbolea kabla hajajua kusoma. Huona DAP ikibebwa shambani wakati wa kupanda, na yuria wakati wa kukuzia. Ndiyo maana wengi wetu hudhani kwamba chochote chenye majani kinangojea konzi ya mbolea. Kwa maoni yangu fikira hiyo ni potovu, na kwetu nyumbani ilileta msiba.

Mjomba alitutengenezea tangi la kioo kwa vioo vya dirisha vilivyobaki kazini. Tukatia mchanga, majani ya majini kutoka kijitoni, na ngege wachanga sita. Kila jioni Kukhu alikaa mbele ya tangi akiwahesabu kama kuku wake. Baada ya miezi michache majani yakaanza kugeuka manjano. Kaka yangu, mtu wa shamba, akasema, "Si ni njaa tu hiyo?" Akachota konzi moja ya DAP, akamwaga. Asubuhi ngege wote sita walikuwa wakielea, matumbo juu. Kukhu hakumgombeza mtu. Aliuliza tu, "Sasa mimi nitahesabu nini?" Juma lililofuata maji yaligeuka kijani kama mchuzi wa mrenda.

Waama, kaka hakukosea kote. Mimea ya majini huhitaji naitrojeni, fosforasi na potasiamu, pamoja na chuma kidogo, sawa na mahindi. Lakini kila ndege huruka kwa ubawa wake. Shambani udongo huishika mbolea, mizizi ikachukua kidogo kidogo. Majini huyeyuka yote mara moja, na samaki hana pa kukimbilia. Zile namba 18-46-0 zilizoandikwa guniani zina maana yake: naitrojeni ya DAP ni ya amonia, nayo amonia ikizidi majini huchoma mashavu ya samaki, akashindwa kupumua. Fosforasi nayo hunenepesha ule ukijani unaoelea, ambao usiku hula hewa ya majini.

Kumbe samaki mwenyewe ni kiwanda cha mbolea! Kinyesi chake hutoa amonia kidogo, na vijidudu vinavyoishi mchangani huigeuza kuwa nitreti, ambayo mimea huila bila kumdhuru samaki.

Basi ukiona majani ya manjano, usikimbilie gunia. Kwanza tazama mwanga: je, tangi liko pembeni penye giza? Pili, badilisha robo ya maji kila juma, na yale ya zamani unyunyizie sukuma wiki. Hapo ndipo mbolea hiyo inafaa. Tatu, kwa mimea yenye mizizi, kabla ya kujaza maji tandaza udongo wa kawaida usiotiwa mbolea, kisha uufunike kwa mchanga uliooshwa. Ukilazimika kununua mbolea, iwe ile ya matangi ya samaki, tena kwa matone.

Msomaji atauliza, mbona makelele yote haya kwa ajili ya ngege sita? Nakujibu: hebu tazama mvua inyeshapo baada ya watu kutia mbolea. Sehemu yake husombwa hadi vijitoni, vijito vikaingia Mto Nzoia, na Nzoia ikamwaga Ziwa Viktoria. Miaka ya 1990 gugu maji, mmea wenye asili ya Amerika Kusini, lilifunika sehemu kubwa za ghuba ya Kisumu hata mitumbwi ikakwama. Gugu hilo hustawi kwa virutubisho kama hivyo, pamoja na maji machafu ya miji. Fukusi waliletwa kulitafuna, lakini gugu halijaisha hadi leo. Ziwa ni tangi kubwa, na sisi wa juu ya mto ndio tunaoshika konzi.

Shime, wanachama wenzangu! Nyumbani tupime kabla ya kumwaga, na shambani tuifukie mbolea, tusiirushe juu juu mvua ikitishia. Majuto ni mjukuu, na safari hii mjukuu alikuwa kaka yangu. Ameahidi kumtafutia Kukhu ngege wengine. Gunia la DAP tumelihamishia stoo, na ufunguo anao Kukhu.